Noyce: Mwana wa mhubiri aliyewasha vita vya chipu za kompyuta

MALORI ya taka kutoka pembe mbalimbali za jiji la Mombasa humwaga shehena zao Mwakirunge, eneo la Kisauni. Wanaojitafutia riziki katika jaa hilo huchakura marundo wakitafuta chupa, plastiki, vyuma na nyaya za shaba.

Katika zama hizi ambapo simu ya mkono imeingia karibu kila nyumba, si ajabu kukuta humo kibao cha kijani kilichong'oka ndani ya simu au kompyuta iliyokwisha kazi, kikiwa kimepachikwa vijipande vyeusi vya mraba. Anayechakura huwaza shaba. Vile vijipande vyeusi ni vigumu kumpatia hata kikombe cha chai.

Lakini vijipande hivyo, viitwavyo chipu, vilipokuwa vipya vilipiganiwa na kampuni za Marekani, Japani na nchi nyinginezo kwa ukali usio na mfano. Vimewatajirisha baadhi ya walionunua hisa za watengenezaji wake na kuwatia wengine hasara, wakati mwingine katika mwaka mmoja.

Miongoni mwa walioanzisha vita hivyo, ni wachache walioonja tamu na chungu yake kama Robert Noyce, mwana wa mhubiri kutoka Marekani aliyefariki mwaka 1990. Noyce aliigundua mapema siri ambayo wawekezaji wengi huijua baada ya kupata hasara: chipu bora ya leo ni taka ya kesho, na asiyeshusha bei ya bidhaa yake mwenyewe atashushiwa na mshindani wake.

Siri hiyo ilimpa utajiri. Miaka ya mwisho ya maisha yake, siri hiyo hiyo ilimpeleka mbele ya serikali kuomba msaada.

KIJANA WA GRINNELL

Robert Norton Noyce alizaliwa Desemba 12, 1927 mjini Burlington, jimbo la Iowa, sehemu ya Marekani inayosifika kwa mahindi na nguruwe. Alikuwa wa tatu kati ya wana wanne wa Ralph Noyce, mchungaji wa kanisa la Congregational.

Kama ilivyo kwa watumishi wengi wa kanisa, baba yake alihama kutoka kituo kimoja hadi kingine, na kipato kilikuwa haba, hasa katika dhiki ya miaka ya 1930. Hatimaye familia ilitua Grinnell, mji mdogo wenye chuo kinachobeba jina hilo hilo.

Mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 12, Noyce na kaka yake Gaylord waliunda ndege isiyo na injini, na kijana huyo akajirusha nayo kutoka paa la zizi. Hakuumia. Waliomfahamu ukubwani walisema hulka hiyo haikumtoka: aliruka kwanza, mahesabu yakafuata.

Akiwa mwanafunzi wa chuo cha Grinnell mwaka 1948, aliiba nguruwe pamoja na mwenzake kwa ajili ya karamu ya bweni. Kesho yake walirudi kukiri na kutaka kulipa, lakini mambo yalikuwa yameharibika. Mfugaji wa Kinango aliyewahi kuibiwa mbuzi hahitaji kuelezwa uzito wa kosa hilo katika nchi ya wafugaji. Noyce alisimamishwa masomo kwa muhula mmoja, akaenda New York kufanya kazi katika kampuni ya bima.

Aliporudi, alimkuta mwalimu wake wa fizikia, Grant Gale, akiwa amepata transista mbili, miongoni mwa za kwanza kutoka maabara ya Bell. Chombo hicho kilikuwa kimevumbuliwa mwishoni mwa 1947. Kazi yake ni kufungua, kufunga na kuongeza nguvu mkondo wa umeme, mithili ya bomba linavyoongoza maji. Wazee wa Pwani wanalikumbuka jina lake kwa sababu ya redio ndogo za transista zilizofuata.

Wakati huo vyuo vikuu vingi vikubwa vilikuwa bado havijakitia mkononi chombo hicho. Kijana aliyenusurika kufukuzwa kwa sababu ya nguruwe akawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza duniani kukichunguza. Alihitimu mwaka 1949, na mwaka 1953 akapata shahada ya uzamifu ya fizikia katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts. Mwaka huo alimwoa Elizabeth Bottomley, ambaye alimzalia watoto wanne.

WANANE WAASI

Baada ya miaka mitatu katika kampuni ya Philco mjini Philadelphia, Noyce alihamia California mwaka 1956 kumfanyia kazi William Shockley, mmoja wa wavumbuzi watatu wa transista. Mwaka huo Shockley na wenzake walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Shockley alikuwa bingwa wa sayansi lakini hakujua kuishi na watu. Alishuku wafanyakazi wake na kuwadhalilisha, hata ikafika mahali akataka wapimwe kwa mtambo wa kutambua uongo. Mwaka 1957 vijana wanane walimwacha kwa pamoja. Noyce ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali kuondoka, lakini mara alipojiunga nao akawa kiongozi wao.

Wanane hao walichanga dola 500 kila mmoja. Mtaji mkubwa walitafutiwa na Arthur Rock, kijana wa kampuni ya udalali wa hisa huko New York. Baada ya kubisha milango mingi alimpata tajiri Sherman Fairchild, ambaye kampuni yake ya kamera ilitoa takriban dola milioni 1.4. Sharti lilikuwa moja: kampuni hiyo ingekuwa na haki ya kuwanunua wote kwa dola milioni 3 mambo yakifana.

Mambo yalifana upesi. Mwaka 1958 kampuni ya IBM ilinunua transista 100 za kwanza za Fairchild Semiconductor kwa dola 150 kila moja. Mwaka 1959 mwenye mtaji alitumia haki yake, na kila mmoja wa wanane akaondoka na mali ya takriban dola 250,000. Waligeuka matajiri, lakini kampuni waliyoijenga haikuwa yao tena. Jambo hilo lingeleta majuto baadaye, si kwao bali kwa wenye hisa wa kampuni mama.

Ni mwaka huo wa 1959 ambapo Noyce alipata wazo lililompa jina. Mwenzake Jean Hoerni alikuwa amebuni njia ya kutengeneza transista bapa iliyofunikwa utando wa kuikinga. Noyce aliona kwamba juu ya utando huo mtu angeweza kuchapa njia za chuma za kuunganisha transista nyingi ndani ya kipande kimoja cha silikoni, bila ya mtu kuketi na darubini akiunga waya mojamoja.

Hakuwa peke yake. Septemba 1958 Jack Kilby wa kampuni ya Texas Instruments alikuwa ameonyesha saketi iliyo katika kipande kimoja, ingawa ya kwake iliunganishwa kwa nyaya za mkono. Noyce alipewa hataza yake mwaka 1961, Kilby akapewa ya kwake mwaka 1964, na mawakili wa pande mbili wakavutana kwa miaka.

Kampuni zenyewe hazikusubiri hukumu. Mwaka 1966 zilikubaliana kila moja itumie uvumbuzi wa mwenzake, na wengine wote walipe ada kwa zote mbili. Mahakama ilipoamua mwaka 1969 kwa faida ya Noyce, soko lilikuwa limekwisha songa mbele.

BEI ILIYOWASHANGAZA WENGI

Mwanzoni chipu zilinunuliwa hasa na jeshi la Marekani na mradi wa Apollo wa kupeleka binadamu mwezini. Viwanda vya kawaida viliziona ghali. Hapo katikati ya miaka ya 1960 Noyce alichukua hatua iliyowaacha washindani vinywa wazi: aliamua kuuza chipu kwa bei iliyo chini ya gharama ya kuzitengeneza, na chini ya jumla ya bei ya vipuri ambavyo mteja angelazimika kununua kimoja kimoja.

Aliyeitazama hatua hiyo juujuu angesema ni wazimu. Hesabu yake ilikuwa kwamba bei ikishuka wateja wataongezeka, na kadiri kiwanda kinavyotengeneza chipu nyingi ndivyo gharama ya kila moja inavyopungua. Hasara ya leo ingezaa faida ya kesho. Mwenzake Gordon Moore aliandika mwaka 1965 kwamba idadi ya vipuri katika chipu moja ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka, makadirio ambayo mwaka 1975 aliyarekebisha kuwa kila miaka miwili.

Wawekezaji walisherehekea. Mwaka 1965 hisa za kampuni mama ya Fairchild zilipaa kutoka takriban dola 27 hadi zaidi ya dola 140 katika soko la New York.

Lakini wakubwa wa kampuni mama, waliokuwa upande wa pili wa nchi, walichota faida ya chipu na kuitia katika biashara nyingine, huku wakisita kuwagawia hisa mafundi walioizalisha. Mafundi wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda kuanzisha kampuni zao. Mwaka 1967 Charles Sporck, aliyesimamia viwanda, alihamia National Semiconductor na kuchukua wenzake kadhaa. Mwaka huo kampuni ilipata hasara kwa mara ya kwanza tangu 1958. Aliyenunua hisa zake bei ikiwa kileleni alibaki na karatasi, nao ujuzi ukawa umetoka kwa miguu yake mlangoni.

Wakenya waliopanga foleni mwaka 2008 kununua hisa za Safaricom kwa Sh5 wanaielewa hali ya namna hiyo. Baadhi yao walichukua mikopo wakiamini bei ingepaa mara moja. Mwanzoni mwa 2009 hisa hizo ziliuzwa chini ya Sh3.

Agosti 2010 kampuni ya Zain, iliyogeuka Airtel baadaye mwaka huo, ilishusha gharama ya kupiga simu hadi Sh3 kwa dakika na Safaricom ikalazimika kushusha yake. Wapigaji simu walishangilia huku wenye hisa wakikuna vichwa, na faida ya Safaricom ya mwaka uliokamilika Machi 2011 ikapungua. Mtu mwenye simu mkononi na hisa kabatini alikuwa akishangilia na kulia kwa wakati mmoja. Waliovumilia walikuja kuziona hisa hizo zikivuka Sh40 mwaka 2021.

Katika biashara ya chipu, mchezo huo umechezwa tangu enzi za Noyce, tena kwa kasi zaidi.

INTEL YAZALIWA

Julai 1968 Noyce na Moore waliiacha Fairchild na kuanzisha kampuni waliyoiita Intel. Kila mmoja alitia takriban dola 250,000 zake mwenyewe. Arthur Rock alipiga simu kwa marafiki, na katika muda wa takriban siku mbili alikuwa amepata dola milioni 2.5 kwa hati za mkopo zinazoweza kugeuzwa hisa. Jina la Noyce lilitosha kuwa dhamana.

Miongoni mwa waliotoa fedha kilikuwamo chuo cha Grinnell, kile kile kilichomsimamisha kwa wizi wa nguruwe. Wakati huo Noyce alikuwa mmoja wa wadhamini wake. Chuo na wadhamini wawili waliokiunga mkono walitia dola 300,000. Mwaka 1974 chuo kiliuza hisa hizo kwa takriban dola milioni 14.

Ilikuwa faida ya zaidi ya mara 40 kwa muda wa miaka sita, na wadhamini walikuwa na kila sababu ya kuogopa kuacha mali nyingi kiasi hicho katika kampuni moja. Kama wangengoja miongo miwili zaidi, hisa hizo zingekuwa na thamani iliyokizidi kiasi hicho mara nyingi. Na kama zingekuwa za mojawapo ya kampuni nyingi za chipu zilizoanzishwa miaka hiyo na kutoweka, wangebaki mikono mitupu. Mwaka 1974 hakuna aliyeweza kutofautisha.

Mafanikio ya Intel yalianza na chipu za kumbukumbu. Ile ya mwaka 1970, iliyopewa namba 1103, iliziondoa sokoni kumbukumbu za sumaku zilizotumiwa na kompyuta za awali. Novemba 1971 ilifuata prosesa ya kwanza kuuzwa sokoni, 4004, iliyobeba transista 2,300. Ilibuniwa kwa ajili ya mashine za hesabu za kampuni ya Busicom ya Japani, na kazi hiyo ilifanywa na Ted Hoff, Federico Faggin, Stanley Mazor na Masatoshi Shima. Mwezi mmoja kabla yake, hisa za Intel zilikuwa zimeuzwa kwa umma kwa mara ya kwanza, dola 23.50 kila moja.

Noyce aliliendesha shirika lake kinyume cha desturi za wakubwa wa New York. Hakukuwa na maegesho ya magari yaliyotengewa mabwana, na hakujijengea ofisi ya kifahari. Wafanyakazi wengi waligawiwa haki ya kununua hisa, kwa sababu alikuwa ameona kwa macho yake jinsi Fairchild ilivyokauka kwa kunyima. Kwa njia hiyo mfanyakazi akawa mwekezaji, na kila bei ilipopanda au kushuka sokoni, ilipanda na kushuka pia nyumbani kwake.

Ushindani haukukawia kubisha hodi. Mwaka 1969 Jerry Sanders, aliyekuwa bingwa wa mauzo wa Fairchild, alianzisha AMD pamoja na wenzake. Wanunuzi wakubwa hawakupenda kutegemea muuzaji mmoja, hivyo Intel ilijikuta ikimruhusu mpinzani wake atengeneze chipu ilizozibuni yenyewe. Makubaliano makubwa ya aina hiyo yalitiwa saini mwaka 1982, baada ya IBM kuingia katika biashara ya kompyuta ndogo. Intel ilipokataa kugawana prosesa yake ya 386, pande mbili zilishtakiana kuanzia 1987 hadi zilipopatana mwaka 1995.

Mwaka 1974 uchumi ulipozorota, Intel iliwaachisha kazi karibu theluthi moja ya wafanyakazi wake. Noyce, ambaye hakupenda kumwambia mtu habari mbaya, aliumia sana. Mwaka huo pia ndoa yake na Elizabeth ilivunjika. Alimwoa Ann Bowers, aliyekuwa mkuu wa wafanyakazi wa Intel, na mwaka 1975 akamwachia Moore usukani wa kampuni ili yeye awe mwenyekiti, wadhifa aliokuwa nao hadi 1979.

WIMBI KUTOKA JAPANI

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Noyce aliona kitu ambacho wenzake wengi walikidharau. Kampuni za Japani, zikiwemo NEC, Hitachi, Fujitsu na Toshiba, zilikuwa zikitengeneza chipu za kumbukumbu zenye hitilafu chache kuliko za Wamarekani, na kuziuza kwa bei nafuu. Benki za kwao zilikuwa tayari kuwasubiri kwa miaka, ilhali mwekezaji wa New York alitaka kuona faida kila baada ya miezi mitatu.

Yalikuwa marudio ya hatua ya Noyce ya miaka ya 1960, isipokuwa safari hii yeye ndiye aliyepunguziwa bei.

IBM, iliyotegemea prosesa za Intel, iliogopa kumpoteza muuzaji wake. Mwishoni mwa 1982 ilikubali kununua asilimia 12 ya Intel kwa dola milioni 250. Hata hivyo, bei za kumbukumbu ziliendelea kuporomoka. Mwaka 1985 Moore na Andrew Grove, mkimbizi kutoka Hungary aliyekuwa na Intel tangu siku zake za mwanzo, waliamua kuacha kabisa biashara ya kumbukumbu iliyoizaa kampuni hiyo na kutegemea prosesa. Viwanda vilifungwa, maelfu wakapoteza kazi, na mwaka 1986 Intel ikatangaza hasara ya dola milioni 173.

Kwa mwenye hisa, uamuzi huo ulionekana kama kukata mguu. Kumbe mguu uliobaki ndio uliokuwa na nguvu: prosesa zilikuja kuifanya Intel kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hiyo.

Noyce wakati huo alikuwa akishinda Washington. Mwaka 1977 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha watengenezaji wa chipu wa Marekani, na sasa chama hicho kililalamika kwamba Japani inauza chini ya gharama. Mwaka 1986 nchi hizo mbili zilitia saini makubaliano ya kudhibiti biashara ya chipu, na mwaka uliofuata Rais Ronald Reagan akatoza ushuru wa asilimia 100 kwa bidhaa za Japani za thamani ya dola milioni 300 akidai yamekiukwa. Wauzaji walipata afueni, ila waliohitaji kumbukumbu za kuunda kompyuta walizinunua kwa bei ya juu.

Wapo waliouona mgongano katika msimamo wake. Huyu ndiye aliyekuwa ameikwepa serikali isigharimie utafiti wa kampuni yake, akihofia kugeuzwa mtumishi wa jeshi. Na kosa alilowashtakia Wajapani, la kuuza chini ya gharama, alikuwa amelifanya mwenyewe miaka 20 nyuma na kusifiwa. Jibu la Noyce na wenzake lilikuwa kwamba mchezo haukuwa sawa, kwa kuwa upande mmoja ulikuwa na soko lililofungwa nyuma yake.

Kampuni 14 za Marekani ziliungana mwaka 1987 na kuunda Sematech, shirika la utafiti wa utengenezaji wa chipu, kila upande, serikali na kampuni, ukichangia karibu dola milioni 100 kwa mwaka. Hakuna mkuu wa kampuni aliyetaka kuliongoza. Mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 60 na utajiri wa kumtosha, Noyce aliacha starehe za California na kuhamia Austin, Texas kulisimamia mwenyewe.

Huko ndiko mauti yalikomfika. Asubuhi ya Juni 3, 1990 aliogelea nyumbani kwake kama ilivyokuwa desturi yake, kisha akashikwa na maradhi ya moyo na kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 62.

VITA VISIVYOKOMA

Mwaka 2000 Jack Kilby alipewa Tuzo ya Nobel kwa uvumbuzi wa saketi ya kipande kimoja. Tuzo hiyo haitolewi kwa waliokufa. Kilby, aliyekuwa muungwana, alimtaja Noyce na kusema angekuwa hai wangeipokea pamoja.

Mwaka huo huo hisa za Intel zilivuka dola 70. Ilionekana kama kwamba kampuni hiyo haina wa kuigusa, na yawezekana hapo ndipo mafunzo ya mwasisi wake yaliposahaulika. Simu za kisasa zilipokuja, Intel haikuwa na chipu ya kuziuzia. Kampuni ya TSMC ya Taiwan, iliyoanzishwa mwaka 1987 kutengeneza chipu zilizobuniwa na wengine, iliipita kwa ufundi. AMD, iliyolipwa na Intel dola bilioni 1.25 mwaka 2009 kumaliza mashtaka ya kuzibwa njia sokoni, ilirudi kwa nguvu. Nvidia, iliyozaliwa mwaka 1993 kwa ajili ya picha za michezo ya kompyuta, ikageuka mama wa akili bandia.

Agosti 2, 2024 hisa za Intel zilianguka kwa asilimia 26 kwa siku moja, baada ya kampuni kutangaza kusitisha mgao wa faida. Novemba mwaka huo iliondolewa katika kundi la kampuni 30 za faharisi ya Dow Jones na nafasi yake ikachukuliwa na Nvidia. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilikubali kuchukua takriban asilimia 10 ya hisa zake, na hivyo kampuni ya Noyce ikarudi mlango ule ule aliokuwa ameubisha yeye.

Washindi nao hawalali. Januari 27, 2025, habari za programu ya akili bandia ya DeepSeek kutoka China, iliyosemekana kuundwa kwa gharama ndogo, zilifuta karibu dola bilioni 600 za thamani ya Nvidia kwa siku moja. Aliyekuwa amenunua hisa zake wiki iliyotangulia kwa fedha za kukopa alijifunza kwa saa chache somo lililoanza Fairchild mwaka 1967.

Kenya nayo imeanza kunusa biashara hii. Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya chipu, na Mei 2024, wakati wa ziara ya Rais William Ruto nchini Marekani, Washington ilitangaza nia ya kushirikiana na Kenya katika sekta hiyo. Siku itakapofika ambapo Mkenya wa kawaida ataombwa kutia akiba yake katika hisa za namna hiyo, maisha ya mwana wa mhubiri wa Iowa yatakuwa na la kumfunza.

La kwanza ni kwamba anayenufaika kila mara katika vita hivi ni mnunuzi. Ushindani uliowanyima usingizi wenye hisa wa Fairchild na Intel ndio uliomwezesha mchuuzi wa Kongowea kupokea malipo kwa simu ya bei nafuu. La pili ni kwamba mwenye hisa hulipwa kwa kubashiri nani atajishinda mwenyewe kabla ya kushindwa na jirani, na hata Noyce, aliyeijua kazi hiyo kuliko wengi, hakubashiri sawa kila mara.

Simu hiyo ya mchuuzi nayo itakufa, kisha itatupwa. Kibao chake cha kijani huenda kikasafiri kwa lori hadi Mwakirunge, na mtu atakigeuza mkononi, ang'oe waya wa shaba na kukiachia kidondoke pamoja na vile vijipande vyeusi, ambavyo miaka michache tu nyuma kampuni za mabilioni zilikuwa zikivipigania.